Swichi Iliyokuwa Chini ya Kiti Changu

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri na msinikatize. Najua mnapenda gari ya kunguruma. Yetu haikunguruma. Ilikuwa nyeupe, ya milango minne, na mume wangu aliiendesha kati ya Kasese na Bwera miaka ambayo nyinyi mlikuwa bado hamjafikiriwa. Udereva alijifunza kwenye magari ya mgodi, Kilembe, na tabia za mgodini hakuziacha. Aliangalia maji, akaangalia oili, akafuta kioo kwa kitambaa kile kile, ndipo akaniambia, "Panda." Nami nilipanda mbele, kushoto kwake, na gunia zangu za kahawa nyuma.

Shule niliiacha mapema. Namba nilizisoma kwenye mizani ya kahawa pale Bwera, na mizani haikungoji umalize kufikiri.

Miaka ile gari zilikuwa zinaibwa. Unaiacha sokoni, ukirudi imeshavuka mpaka, wewe umebaki na ufunguo mkononi. Kwa hiyo madereva wa kwetu waliweka swichi za kuficha. Mume wangu alikata waya unaopeleka umeme kwenye pampu ya petroli, ile inayokaa ndani ya tanki, akaupitisha kwenye swichi ndogo ya taa ya chumbani, akaifunga chini ya kiti changu. Ukiizima, mwizi atazungusha ufunguo, gari itakohoa mara moja na kunyamaza. Kila tulipofika Bwera niliinama kama mtu anayeokota kitu, nikaizima. Yeye hakuniuliza. Alijikohoza tu kidogo huku akifunga mlango wake, nami nilijibu, "Tayari." Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya mapenzi, kama mnataka kujua.

Alipokufa, gari ilikaa chini ya bati nyuma ya nyumba. Swichi niliiacha imewashwa, na sikuigusa tena. Kuku walitaga kwenye kiti chake.

Mjukuu wangu, anayefanya kazi gereji Kasese mjini, akaniomba gari ile. Anashindana na wenzake kupanda mlima kwa gari, siku ambazo barabara inafungwa kwa ajili yao. Nikampa. Akatoa injini ya babu yake, akaweka nyingine yenye turbo, na pampu kubwa ndani ya tanki. Alinieleza kwa subira, kwa hiyo nami nawaeleza. Turbo inasukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini. Petroli nayo lazima isukumwe kwa nguvu kuishinda hewa hiyo, la sivyo injini inapata hewa nyingi na petroli kidogo, inachemka ndani, inatoboka. Na injini yake ya kwanza ya turbo ilitoboka hivyo hivyo, mlimani.

Akatafuta ya pili. Hapo nikasema neno langu. Kuna mfanyabiashara wa Butembo, kule Kongo, muuza vitenge, tunasali naye kanisa moja pale Bwera. Kila Jumapili alinifuata nje.

"Mama, iyi gari iko mugonjwa wa kufa. Uniuzishie. Nitakata vipande, batu ba kwetu batanunua hata mulango."

"Mlango haujaugua," nikamwambia.

"Basi nianze na mulango."

Nikamwambia mjukuu wangu: injini hii ya pili ikitoboka, gari inakwenda Butembo, vipande vipande. Sitaki kuiona ikifa mara mbili nyumbani kwangu. Hakubisha. Ananijua.

Asubuhi moja nikamkuta anang'oa viti ili gari iwe nyepesi. Cha nyuma kilikuwa kimeshatoka, na spana ilikuwa kwenye boliti ya changu.

"Jaja," akasema, ndivyo wanavyotuita mabibi, "hiki ni uzito wa bure."

"Uzito wangu pia ni wa bure?"

Akacheka, akaiweka spana chini. Akasema leo hata hivyo anakihitaji, kwa sababu injini inakata kwenye mlima na yeye hawezi kuendesha huku anasoma mita. Nikamuuliza nani atakayemsomea. Akasema marafiki zake. Nikamwambia wale wakiona kona wanafumba macho, nikaingia nikakaa.

Akaniwekea mita ya umeme mapajani, waya zake zimetoka nyuma kwenye pampu, nisome volti zinazofika huko. Geji ya presha ya petroli akaifunga nje ya kioo, chini ya waipa. "Nimeiweka nje makusudi," akasema. "Ikivuja, ivujie huko, si kwenye kitenge chako."

Tukaondoka Kasese. Nilikuwa sijakaa kwenye kiti kile tangu mazishi. Milima ilikuwa upande ule ule, upande wa mkono wangu wa kulia, na mashamba ya pamba yakaja kabla ya kuyangojea. Barabara ni laini siku hizi. Zamani tulijua tulipofika kwa mashimo. Mkono wangu ulikuwa unashika mlango pale pale nilipozoea kushika. Nilimtazama dereva, nikaona masikio ya babu yake.

Tulipofika mwinuko wa upande wa Kisinga, akasema, "Soma, Jaja," akakanyaga.

"Kumi na mbili na nusu," nikasoma. "Kumi na mbili. Kumi na moja. Kumi."

"Presha?"

"Inashuka."

"Inashuka ama imesimama?"

"Nimesema inashuka. Inua mguu."

Akainua. Tukasimama kando ya barabara. Akafuta jasho. Akaniambia pampu kubwa inakula umeme mwingi, na umeme ukiifikia mchovu, inasukuma kwa uchovu. Betri ni mpya. Waya wa kutoka betri mpaka kwenye fyuzi amebadilisha. Waya wa bodi, ule unaorudisha umeme betri, amesugua mpaka ukang'aa. Umeme unapotelea katikati, na yeye hajui wapi.

"Mwambie yule Mkongo wako aje," akasema. "Nikipanda na hii hivi, nitaichoma."

Nilikuwa nasikia joto. Kitenge changu kilikuwa na joto upande mmoja tu, chini, na harufu kidogo kama mshikio wa plastiki wa sufuria unaoungua. Nikainama. Mkono ulijua njia wenyewe: chini ya kiti, nyuma ya chuma, juu kidogo. Swichi ilikuwa pale, imefunikwa na kapeti na vumbi, moto kama kikombe cha chai.

"Tayari," nikasema. Lilinitoka tu.

"Tayari nini, Jaja?"

Nikamwonyesha kwa kidole chini ya kiti. Nilikuwa nangoja mtu ajikohoze.

Alipolala chali na kuiona, alicheka mpaka akagonga kichwa. "Babu alificha kweli kweli. Na waya wenyewe ni wa spika ya redio. Pampu ya zamani ilikuwa ndogo, ilitosheka. Hii inakufa njaa."

Akataka kuing'oa pale pale. Nikamwambia swichi haitoki. Akanitazama, akatazama swichi, akakaa kwenye majani akawaza. Kisha akasema, "Sawa. Itabaki kama afande. Itatoa amri tu, mzigo wabebe wengine."

Na ndivyo alivyofanya gereji. Akavuta waya mnene kutoka betri moja kwa moja hadi kwenye pampu, na fyuzi yake, na kule nyuma akafunga kijisanduku wanachokiita rilei. Swichi ya mume wangu inakiamuru kijisanduku, umeme kidogo sana, haipati joto. Kijisanduku ndicho kinachofungulia pampu umeme mkubwa.

Tukarudi kwenye mwinuko. Alipokanyaga nikasoma kumi na tatu na nusu, na ikabaki hapo. Turbo ikapiga mluzi, na mshale wa presha ukapanda pamoja nayo mpaka juu kabisa ya mlima. Mjukuu wangu alipiga usukani kwa kiganja, polepole, kama babu yake alivyopiga baada ya bei nzuri ya kahawa.

Tukaenda moja kwa moja mpaka Bwera. Yule wa Butembo alikuwa dukani kwake.

"Mama, na ule mulango?"

"Umepona."

"Asante Mungu," akasema, kwa huzuni ya mfanyabiashara.

Jioni, nyumbani, nikasikia spana tena. Nikatoka. Mjukuu wangu alikuwa amepiga magoti karibu na kiti changu, anakifungua tena, wenzake wanamshikia boliti. Nikawaita wote waje, hata waliokuwa jikoni, wakasimama.

"Kiti hiki hakuna mtu anakitoa. Na yeyote atakayekaa hapa, akishuka anainama, anazima, na anasema 'Tayari' kwa sauti ya kusikika."