Pasipoti Ndani ya Buti

Baba hapokei mzigo wa viatu mpaka achague pea moja mwenyewe na kuipasua kwa kisu mbele ya laoban, yaani bosi wa kiwanda, aone kama ndani kuna kitambaa au wamejaza magazeti. Mabosi wa Guangzhou wanakiogopa kisu kile. Mimi nakijua kuliko wao, na siku ile bado nikasahau.

Mwaka jana alipata mteja wa mabuti ya mpira huko Guatemala, kwenye misitu ambako mvua hainyeshi, inahamia. Akasema ataufuata mzigo, na atamchukua mmoja wetu akaone magofu ya Wamaya. Mmoja! Mimi na kaka yangu tunalala kitanda kimoja hapa Xiaobei, mtaa wa Waafrika wa Guangzhou, na tayari tulikuwa tunauana kwa sababu ya mto wa kulalia.

Safari tukaipanga kwa ngumi. Kaka alichora ramani ubavuni mwa boksi: mto, msitu, piramidi. Nikaongeza chui anayemla yeye, kuanzia makalio. Akanibamiza kichwa kwenye friji. Nikamsomea kitabu cha shule, kwamba Wamaya walikuwa wanampandisha mtu juu ya ngazi na kumng'oa moyo.

"Wewe hawakugusi," akasema. "Wanataka wenye moyo."

Nikamrushia bakuli la supu. Likampasua juu ya jicho, damu ikadondokea wali.

Baba akaingia, akatuchapa wote mkanda bila kuuliza, kisha akatoa hukumu: "Anakwenda mkubwa. Yeye ndiye mtulivu."

Mtulivu wakati huo alikuwa amenikaba koo.

Maombi ya viza yalikuwa yapelekwe Jumatatu, siku ya mwisho. Jumamosi tukaenda wote watatu bohari kupokea mabuti. Nilikuwa nimeichomoa pasipoti ya kaka kwenye mkoba wa baba. Sikutaka kuiharibu, wallahi. Nilitaka ipotee mpaka Jumanne, viza yake ikwame, baba abaki na mimi tu wa kumchukua. Nyumbani wangepekua hata chini ya godoro. Kwa hiyo nikabandua selotepu ya boksi moja, nikaisukuma pasipoti mpaka kwenye vidole vya buti, nikafunika.

Selotepu haikushika tena vizuri. Na baba, akiona boksi limefunguliwa, anajua kuna mtu amebadilisha mzigo.

Akalipita lundo lote, akaenda moja kwa moja kwenye lile. Akatoa buti la juu, akachomeka kisu kwenye ncha yake. Kikakwama.

"Ahaa! Karatasi!" akamfokea laoban. "Mwizi wewe! Mnanijazia karatasi!"

Laoban akaapa kwa Kichina, akatupa kikokotoo chake chini kikavunjika. Baba akakandamiza kisu kwa mikono miwili, akasaga kama anachinja ng'ombe. Buti likafunguka. Ukatoka uso wa kaka yangu, umekatwa katikati ya pua.

Hakuna aliyeuliza nani. Kaka alinifikia kabla sijafika mlangoni. Ngumi ya kwanza ilitoa jino, ya pili sikuihesabu. Alinikokota juu ya maboksi, akanisokomeza buti mdomoni, akawa analisukuma kwa goti. Nilimtazama baba aje na mkanda wake. Alikaa tu, anakunja kisu.

Kaka alipochoka, akamwambia baba huku analia, "Si umchukue yeye basi. Ndicho alichotaka."

Baba akanitazama nilivyolala, nimejaa damu na harufu ya mpira.

"Huyu? Nimpandishe piramidi? Hata Wamaya walikuwa wanachagua."

Akaenda peke yake. Alirudi na picha moja, ngazi za mawe zimemezwa na miti, akampa kaka. Kaka ameibandika ukutani, upande wake wa kitanda, na ameweka sheria: nikiitazama, napigwa.

Asubuhi ya leo nimeitazama mara mbili.