Raketi ya Severina na Mkasi Wangu

Mume wangu Tawakali anaweza kusikia spoku iliyolegea baiskeli ikiwa bado upande wa pili wa barabara, lakini nikimwambia chumvi imeisha inabidi nimwambie mara tatu. Nasema hivi mapema ili ijulikane namzungumzia mtu wa aina gani. Ni fundi baiskeli hapa Dongobesh, mwaka wa kumi na tisa sasa, kwenye kibaraza kilekile ambacho mimi nina cherehani yangu. Yeye anakaa mwisho wa huku, mimi mwisho wa kule, na katikati kuna benchi la wateja. Kinachosemwa kwake nakisikia chote, na nisichokisikia nakiona.

Baiskeli zilikufa taratibu. Pikipiki zilipojaa, vijana waliuza baiskeli zao kwa bei ya kutupa, wakabaki wazee wachache wa Masieda wanaoshuka siku ya mnada kufungiwa mnyororo. Tawakali akawa anashinda anafuta spana ambazo hazijachafuka. Mwanamume akikosa kazi anakuwa mpole kupita kiasi, na mimi upole wa namna ile ulikuwa unanitisha.

Kilichomwokoa ni raketi. Watumishi waliopangiwa huku kutoka mikoa mingine, walimu, wauguzi na watu wa kilimo, walichonga uwanja wao wa tenisi nyuma ya nyumba za serikali, wa udongo, wakafunga neti, wakawa wanacheza jioni. Siku moja mwalimu alikuja na raketi iliyokatika nyuzi akauliza kama fundi baiskeli anaweza kujaribu. Tawakali akaigeuza, akaigonga kwa ukucha, akasema, "Hizi si spoku tu, mwalimu?" Wiki hiyohiyo alitengeneza mashine kwa haabu, yaani kitovu cha gurudumu la nyuma, ile inayozunguka upande mmoja na kugoma upande mwingine. Akaichomekea bomba refu, na kwenye bomba akaning'iniza jiwe la mizani aliloazima dukani kwa Abdulrahim. Jiwe likisogezwa mbele uzi unakaza, likirudishwa unalegea. Mwaka haukuisha, watumishi wote wakawa wateja wake, na akaanza tena kupiga mluzi asubuhi akinawa uso.

Nilifurahi. Nilifurahi mpaka alipokuja Severina.

Severina ni nesi wa kituo cha afya, kwao Bukoba, hajafika miaka thelathini. Mrefu, shingo ndefu, na ana tabia ya kucheka kabla hujamaliza unachosema. Kilichonikera kuliko vyote ni adabu yake. "Shikamoo, mama Shamimu," anainama kabisa. Sasa mtu anayekuamkia namna hiyo utamchukia kwa sababu gani mbele za watu? Nikawa namchukia kimyakimya, nashona.

Siku ya kwanza alikuja na kidole cha mkono wa kushoto kimefungwa bandeji. Alisema alikatwa na kichupa cha dawa. Mimi nilijisemea, anajitafutia huruma.

"Fundi, hii raketi ni nyepesi kichwani," akamwambia mume wangu. "Nikipiga naona kama nimeshika mwiko. Na inatetemeka mpaka kwenye kiwiko."

"Kiwiko kinauma ukifanya nini?"

"Nikikamua nguo."

Tawakali akatikisa kichwa kwa masikitiko. Mimi nakamua nguo zake miaka kumi na tisa, hajawahi kuuliza kiwiko changu kinasemaje.

Akaanza kumpima. Akamwambia asimame, apige hewani kama anapiga mpira, arudie, arudie tena. Akamtazama begani, kiwikoni, kifundoni. Halafu akamwambia ashike mpini kama anavyoushika akicheza, na hapo ndipo mume wangu, mbele ya macho yangu, alipochukua kidole chake na kukipitisha kati ya ncha za vidole vya yule binti na kiganja chake.

"Mpini mnene," akasema. "Kidole hakijazi nafasi, kinaelea. Tutaupunguza."

Mguu wangu ulikanyaga cherehani, ikashona moja kwa moja kwenye kola ya mtu.

Jioni nilimuuliza. Akaniambia kipimo ndivyo kilivyo: kati ya vidole na kiganja lazima kidole kimoja kikae vizuri, na mchezaji hujipima kwa kidole cha mkono wake wa pili. "Ila wa kwake una bandeji. Uliiona."

"Niliiona. Na wewe penseli ya kupimia unayo, niliiona pia."

Alicheka, akadhani natania.

Kwa wiki mbili nyumba yangu ililishwa raketi ya Severina. Alilegeza nyuzi kidogo ili kiwiko kipumue. Alivua ngozi ya mpini, akausugua kwa msasa, akaufunga upya kwa ngozi nyembamba ya mbuzi. Alipata vipande vya risasi, vile vinavyogongwa kwenye rimu za magari ili magurudumu yasitikisike, akavifua vikawa vyembamba kama ganda la kitunguu, akavibandika pande mbili za kichwa cha raketi na kuvifunika kwa tepu nyeusi. Gramu tatu huku, gramu tatu kule, anapima kwenye mzani mdogo wa Abdulrahim wa kupimia iliki. Severina anakuja, anapiga hewani, anasema bado kidogo. Inaongezwa gramu moja. Mwanamume anayesahau chumvi alikuwa anakumbuka gramu moja.

Siku ile ilipokaa sawa, Severina alifumba macho akiipunga, akasema, "Fundi, sasa ni kama mkono wangu umeongezeka." Tawakali aliinamisha uso kwa aibu, masikio yakamwiva. Niliyaona. Roho iliniuma mpaka nikahisi ladha yake mdomoni.

Sina budi kueleza lililokuwa njiani, ili nisionekane sikujua. Jumamosi iliyofuata kulikuwa na bonanza. Watumishi wa Katesh wangekuja kucheza na wa kwetu, na kiongozi wao, bwana Gervasi, alikuwa amemwahidi Severina kwamba wangekuja na raketi zao sita. Wakiona kazi ya fundi uwanjani inaridhisha, wanamwachia zote, na baada ya hapo kila msimu. Tawakali alikuwa ameshapiga misumari sita ukutani ya kuzitundika. Nilijua hayo yote. Nilijua, nikafanya.

Ijumaa alipokwenda kuswali, raketi ya Severina ilikuwa imetundikwa ikimsubiri mwenyewe. Niliishusha. Nikabandua tepu, nikatoa zile risasi kichwani, nikarudisha tepu mahali pake. Nikachukua mkasi wangu, nikakata uzi uliofungia ngozi ya mpini, nikaifungua, nikazipanga zile risasi mwisho kabisa wa mpini, chini ya ngozi, kisha nikaifunga upya. Ukiiweka kwenye mzani, uzito ni uleule. Nilijiona nina akili sana.

Niseme kidogo kuhusu mkasi huo. Mimi natumia mkono wa kushoto. Bibi yangu alinichapa hadi nikazoea kula kwa kulia, lakini kushona aliniachia, akasema nguo haiendi tumboni. Mkasi wangu hakuna fundi mwingine anayeuweza. Konsolata wa duka la pili aliuazima siku moja akaurudisha kwa hasira, akasema unatafuna kitambaa badala ya kukata. Nilicheka siku nzima. Nilipenda kuwa na kitu kinachonijua mimi peke yangu, na nilishaacha kujiuliza kilitoka wapi.

Jumamosi uwanja ulijaa. Upepo ulikuwa baridi, watu wamejifunga mashuka. Severina alifika mbio kutoka zamu, akaichukua raketi kibarazani bila kuipunga, akaingia kucheza na dada mmoja wa Katesh. Mpira wa kwanza ukaenda nje kushoto. Wa pili kushoto. Kichwa cha raketi kilikuwa chepesi, mkono wake ukawa unafika kabla ya mpira. Alijaribu kusubiri, akachelewa, ukagonga neti. Watu wa kwetu wakaanza kunong'ona. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma, na nasema kweli, mipira mitatu ya kwanza niliifurahia.

Wa nne Severina alisimama, akaishika raketi kwa mikono miwili, akaitazama kama mtoto aliyebadilikiwa na mama. "Fundi," akaita, "imekuwaje?"

Tawakali akaingia uwanjani. Akaishika shingoni, akaipunga mara mbili tu. Halafu akainamia mpini. Yeye hufunga ngozi kuelekea kulia. Ile ilikuwa imezungushwa kuelekea kushoto, imekazwa vizuri, mwisho umefungwa kwa fundo ninalofungia vifungo. Aliitazama muda mrefu. Kisha akainua uso akatafuta kwenye umati, akaniona, akaondoa macho upesi kama aliyemkuta mtu anaoga.

Bwana Gervasi alikuwa amesogea. "Vipi, fundi?"

"Nilikosea," Tawakali akasema. "Uzito niliuweka mahali si penyewe. Ni mimi."

"Na jana kwenye simu ulisema iko tayari."

"Nilisema. Nilikosea."

Severina akaiacha raketi mikononi mwa fundi. Alimalizia mchezo kwa raketi ya kuazima, akashindwa vibaya. Jioni nililiona gari la Katesh likiondoka na zile raketi sita zimelala dirishani kwa nyuma, ndani ya mifuko yake. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na nguo aliyovaa mume wangu siku ile niliishona mimi.

Nyumbani hakugomba. Ningependa agombe, nilikuwa nimeandaa maneno: kidole, kiwiko, masikio. Alikaa kwenye kigoda na raketi magotini.

"Lete mkasi wako, mama Shamimu."

Nikampa. Akaushika kwa mkono wa kulia, akajaribu kukata lile fundo langu. Mkasi ukalitafuna. Akaubadilisha, akaushika kwa kushoto, mkono ambao hauwezi hata kushika kijiko, na polepole, akiwa ameuma ulimi, akakata.

"Nilikuwa nimesahau unavyosumbua," akasema. "Huu ulikuwa wa mkono wa kulia, kama mikasi ya watu wote. Mwaka ule tuliooana kidole gumba chako kilikuwa na sugu, unashona unakinyonya. Nikaufungua msumari, nikapindua bapa zake, nikazinoa upya upande wa pili. Nikapinda na vishikio. Nilikuwa nakukodolea macho unavyokata, ukaniuliza nimekosa kazi."

Nilikumbuka. Nilikumbuka hata gauni nililokuwa nakata. Miaka kumi na tisa nimekata nguo za arusi, sare za shule na sanda, na kidole gumba hakijaniuma hata siku moja, na kwa sababu hakikuniuma sikumkumbuka aliyekiponya. Nikakaa chini nikalia, kwa sauti mbaya. Yeye akaendelea kubandua risasi mojamoja, anazinyoosha kwa kucha na kuzipanga kwenye kifuniko cha birika.

Jumatatu, akiwa anafunga tairi la mzee mmoja, nilichukua simu yake nikampigia bwana Gervasi. Nilijitambulisha. Nikamwambia fundi hakukosea, raketi iliharibiwa na mtu mwingine ikiwa imetundikwa, na mtu huyo ni mimi mke wake, kwa mikono yangu, kwa wivu. Neno wivu lilikwama, lakini nilimalizia. Mzee wa tairi aliacha kutafuna muwa.

Bwana Gervasi akasema, "Mama, hebu mpe simu mwenyewe."

Tawakali akafuta mkono kwenye suruali, akaipokea. Alisikiliza, akinitazama. Nilimwomba kwa macho aseme ndiyo. Neno moja tu, na raketi sita zirudi, na misumari ile ukutani ipate kazi, na mimi niwe kichekesho cha Katesh na Dongobesh kama nilivyostahili.

"Hapana, bwana Gervasi," akasema. "Huyu ananitetea tu, ndivyo alivyo. Ni mimi nilikosea. Asante, bwana. Kazi njema."

Akanirudishia simu, akainama kwenye tairi lake. Nilimkasirikia nusu saa nzima, na nusu saa hiyo ndiyo niliyompenda kuliko hata siku ya arusi yetu.

Raketi za Katesh hazijaja mpaka leo. Severina nilimwambia mwenyewe, kituo cha afya, mlango umefungwa. Hakucheka safari hii. Aliniuliza kama Jumatano akija kubadilisha nyuzi nitakuwepo kibarazani, kwa sababu kiganja chake kimenenepa na mpini unahitaji kupimwa upya. Bandeji alishaivua zamani. Nikamwambia nitakuwepo, na kidole nitaweka mimi.