Chanjo Iliyosubiri Kunakiliwa

Chuo kikuu nilisoma kidogo kuhusu kompyuta, nikashangaa uvivu wake. Programu inayoendesha mashine ikipewa taarifa za kuandika kwenye tepu, kwanza huzinakili mahali pake yenyewe, ndipo iandike. Kwa nini isiandike moja kwa moja? Mwalimu alijibu kwamba mashine haimwamini mwenye taarifa; anaweza kuzibadilisha kazi ikiwa katikati. Muda mwingi uliishia kwenye kunakili.

Kisha nikapangiwa ofisi ya mifugo, Mbeya.

Homa ya mapafu ya ng'ombe ilikuwa imeingia Usangu. Mfugaji mmoja aliyehamia huko kutoka Usukumani alituletea ombi la chanjo lililoandikwa na bwana mifugo wake. Ng'ambo ya mto ng'ombe walikuwa wanakufa. Wa mfugaji huyu walikuwa bado wazima. Chanjo ilikuwa Iringa. Lakini hakuna ofisi iliyogonga muhuri kwenye mwandiko wa ofisi nyingine. Kila ombi lilinakiliwa upya, kisha likamsubiri mkubwa alilinganishe.

"Mzee, tugonge hii hii," nilimwambia mkuu wangu.

"Akiongeza ng'ombe nikishagonga, utakwenda jela wewe, msomi?"

"Tupige mstari chini ya hesabu."

"Mstari!" Akacheka mpaka akavua miwani.

Kesho yake aligonga, nadhani kwa kunichoka. "Iringa wakiikubali hii, nakuachia kiti changu."

Mimi na mfugaji tukadandia lori hadi Mafinga, tukamalizia juu ya shehena ya mbao kwenye lori jingine, baridi ikitukata. Mtunza ghala wa Iringa aliigeuza karatasi mbele na nyuma.

"Mwandiko wa nani huu?"

"Wa bwana mifugo wa Usangu."

"Sisi hatuna nakala yetu." Akatoa karatasi safi. "Haya, nisomee."

Nikasoma. Ningefanya nini?

"Ndugu, mnaandika tena?" mfugaji aliuliza. "Ng'ombe ni wale wale."

"Tulia, mzee. Serikali haikimbizwi."

Tulipomaliza kulinganisha, mwenye ufunguo wa jokofu alikuwa ameshaondoka kwa mapumziko ya Jumapili. Tulipata chanjo Jumatatu.

Usangu tulimkuta mke wa mfugaji amesimama zizini, karibu na ndama aliyekuwa amelala ubavu, akihema kwa shida. Bwana mifugo alisema atachanja waliobaki, ila hawezi kuahidi kitu. Mfugaji hakunitazama. Alimshika ng'ombe wa kwanza pembe, akamvuta kwenye sindano.