Nusu Hatua Kutoka Ukingoni

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, fundi cherehani alisimama kwenye mwisho wa njia ya nne ya bwawa la kuogelea, mkabala na vibao vya kurukia. Alivaa suruali nyeupe aliyojishonea mwenyewe na raba nyeupe za kuazima. Hajui kuogelea. Alitumbukia kwenye tangi akiwa na miaka saba, na tangu siku hiyo hajaingia kwenye maji yanayopita magoti.

Yaliyomfikisha pale ni kanuni: kila klabu huleta mwamuzi mmoja aliyefuzu, na isiyo naye watoto wake hawaogelei. Mwamuzi wa klabu ya bintiye alihama mji. Katika kikao cha wazazi kila mtu alianza kukagua viatu vyake. Fundi akanyoosha mkono. Alihudhuria mafunzo jioni sita, akafaulu mtihani wa kuandika. Ilibaki siku hii moja ya vitendo. Asipotiwa sahihi leo, watoto kumi na mmoja, bintiye akiwemo, watayatazama mashindano ya mwezi ujao wakiwa wamekaa.

"Mama, maji umeshayavulia nguo," binti alimwambia asubuhi ile.

"Nimeyavulia viatu tu," alijibu.

Mkufunzi wake, mpima ardhi mstaafu, ndiye aliyekuwa mwamuzi mkuu siku hiyo. Wanafunzi walimwita Mzee Ukingo kwa sababu ya maneno asiyochoka kuyarudia: "Vidole vya miguu ukingoni, shingo mbele. Ukisimama nyuma, unaamua ukuta usiouona."

Mbio zilikuwa za wasichana, mita mia, mtindo wa chura. Katika mtindo huo, kwenye mgeuko mikono yote miwili lazima iguse ukuta kwa pamoja. Msichana wa kofia ya kijani alikuja kwa kasi, maji yakaruka, na fundi akarudi nyuma nusu hatua bila kujua. Akaona mkono wa kulia ukigusa. Mmoja tu. Akanyoosha mkono juu, ishara ya kosa.

Mbio zilipokwisha, Mzee Ukingo alikuja na fomu. Kocha wa msichana alimfuata hadi kwenye kamba ya kuzuia watu.

"We mama, jana ulikuwa unapima watu viuno, leo unapima wanangu?"

"Kocha, kaa nyuma ya kamba," Mzee alisema bila kugeuka. Kisha kwa fundi: "Umeona nini?"

"Amegusa kwa mkono mmoja."

"Upi?"

"Wa kulia."

"Wa kushoto ulikuwa wapi?"

Jibu lolote lingetosha. Chini ya maji. Kifuani. Hapakuwa na kamera, na kalamu ilikuwa tayari juu ya karatasi. Fundi akainamisha kichwa kutafuta neno, akaziona raba zake. Zilikuwa kavu. Mwamuzi wa njia ya tatu, pembeni yake, alikuwa amelowa hadi magotini.

"Sikuuona," alisema.

"Hukuuona, au haukugusa?"

"Sikuuona, Mzee. Maji yaliporuka nilirudi nyuma. Nilikuwa nimesimama hapa." Akaonyesha kigae.

Mzee Ukingo akaichora fomu mstari kutoka pembe hadi pembe. Msichana wa kijani akabaki na nafasi yake ya pili. Kocha alipiga makofi matatu, polepole.

"Basi niondoke?" fundi aliuliza.

"Nani kakufukuza? Zimebaki mbio moja za chura. Rudi njia ya nne." Akaifunga kalamu. "Umesema kweli, nashukuru. Lakini sahihi siitoi kwa kusema kweli, fundi. Naitoa kwa kuona."

Mbio za mwisho zilikuwa za wavulana, mita mia mbili. Kwa upande wake, migeuko minne. Fundi alisogea hadi ncha za raba zikapita ukingo, akainama. Mgeuko wa kwanza maji yalimwingia viatuni. Wa pili yalimpiga usoni, akakaza macho. Hakuna aliyemwona akipumua. Wa tatu, wa nne. Mkono wake haukwenda juu.

Mzee Ukingo alikuwa nyuma yake.

"Hukunyoosha mkono."

"Hakukuwa na kosa."

"Mgeuko wa tatu. Wa kushoto ulikuwa wapi?"

"Ukutani, sawa na wa kulia. Kidole gumba kimefungwa plasta. Imebanduka upande mmoja."

Mzee akatazama ngazi. Mvulana wa njia ya nne alikuwa anapanda, na alipofika juu aliitoa kwa meno plasta iliyobaki gumbani na kuitupa kwenye ndoo.

Mzee akachomoa karatasi ya tathmini ya fundi, akaiegemeza kwenye ukuta mkavu, akaandika jina la klabu, tarehe, na sahihi. Tone lililodondoka kutoka kwenye nywele za fundi likaanguka pembeni ya wino.

"Sogeza kichwa," alisema Mzee, "usije ukaniharibia karatasi."