Mbio za Kalunde Msituni

Kalunde alikuwa fundi wa cherehani pale Tawa, mjane wa miaka arobaini na mitatu. Usichanani alikimbia peku akiwakilisha shule yao, hata akafika mashindano ya mkoa. Kisha akaolewa na Mbuvi, wakaja watoto, mbio zikaisha bila mtu kumkataza. Mbuvi alipofariki, hata kutembea kulimlemea.

Aprili ya 1986, mvua ilimkuta kwenye njia ya msituni, juu kwenye milima ya Mbooni, akipeleka sare za kwaya alizoshona. Njia ikageuka tope. Kiatu kimoja cha plastiki kikanasa, alipokivuta, kikakatika. Akavua na cha pili, akaufunga mzigo mgongoni kwa leso kama mtoto. Mteremko ukamvuta. Alianza kuharakisha ili asianguke, na mara akajikuta anakimbia.

Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye mashina. Tope baridi, laini, lilipenya kati ya vidole. Hakusikia kitu ila pumzi yake na matone yakidondoka majanini, na ilikuwa kana kwamba miti ndiyo inayokimbia, yeye ametulia katikati. Alipofika chini alikuwa anacheka, asijue alianzia wapi kucheka.

Tangu siku hiyo, mvua ikinyesha, alifunga kibanda mapema, akaaga kwamba anakwenda kutafuta kuni. Alirudi bila kuni. Wifi yake Muthoki, dada ya marehemu, aliona sketi yenye matope na uso uliochangamka, akaamini kuna mwanamume.

Alasiri moja akamfuata. Njiani alikuta nyayo za mtu mmoja tu, zimeachana sana. Akasimama kando ya mti wa msindano, akangoja. Kalunde akatokea ukunguni, sketi ameikunja hadi magotini. Kumwona wifi yake, akateleza, akaketi topeni.

"Yuko wapi?" Muthoki akauliza.

"Nani?"

"Huyo unayemkimbilia."

"Hakuna mtu, wifi. Nakimbia tu."

"Unakimbia uende wapi?"

"Mpaka kwa kijito. Halafu narudi."

Muthoki akamtazama usoni. "Tangu Mbuvi atuache sijakuona hivi."

"Niliogopa nikifurahi mtasema nimemsahau," Kalunde akasema. "Na huku ndiko namkumbuka bila kuumia."

Muthoki aliinama polepole, akavua viatu vyake vya kanisani, akavitundika tawini. Goti lake lilikuwa bovu, kwa hiyo hawakukimbia. Walishuka wameshikana mikono, wakiteleza, mpaka wakasikia maji.

Wanawake wa kanisani walipoanza kuulizana Kalunde huenda wapi, Muthoki ndiye aliyewajibu. "Ameenda kukimbia," alisema, akaendelea kumenya viazi.

Kalunde alikimbia misimu mingine mingi ya mvua. Ukungu ukishuka mlimani, wateja wake walijua cherehani haitasikika mpaka jioni.