Hospitali Tulizozipita

Niliusikia mguu wangu kabla sijauona. Ulilia kama kuti kavu linalokanyagwa, kisha nikawa chini, uso kwenye nyasi za Nizwa, na kipa wetu yuko juu yangu anasema, "Sori kaka, sori, sori." Nilipogeuza kichwa nikaona soksi imejikunja pahala ambapo hapana kiungo. Hapo nikajua. Sikuhitaji daktari kunambia.

Mudir wa timu, yaani mkubwa wetu aliyekuwa akitusimamia kwa kila kitu, aliingia uwanjani na viatu vyake vya ngozi, kanzu kaishika mkononi isiguse majimaji. Akatazama jukwaani kwanza, halafu ndiyo akanitazama mie. Akamwambia mtu wetu wa barafu, yule aliyekuwa akitukanda misuli, "Kateguka huyu. Mfunge taulo, atakwenda na basi."

"Mudir, mguu umevunjika," nikamwambia. "Nipelekeni hospitali hapa hapa."

"Sur tunao watu wetu. Tulia."

Nizwa na Sur, mji wetu huku Oman, ni mbali, safari ya saa nyingi. Kila aliyekuwa pale alikuwa anajua, na hapana aliyefungua mdomo.

Mie skuli niliiacha mapema, basi mwenye kutafuta maneno mazuri atafute kwengine. Naandika ili ijulikane nani alifanya nini, kwa sababu nasikia Sur watu wanaisimulia khabari hii kwa namna nyengine.

Nilikuwa beki wa kati. Timu yetu ilikuwa ya daraja la chini, na kila mmoja wetu alikuwa na kazi yake nje ya mpira. Asubuhi naendesha gari la maji, napeleka Jalan Bani Bu Hassan na vijiji vya pembeni. Alasiri narudi, navuka daraja la Aija, mtaani kwetu, nyumbani kubadilisha nguo, kisha kiwanjani. Beki wa daraja lile hasifiwi na mtu. Mshambuliaji akifunga anabebwa. Beki akizuia, watu wanageuka kutafuta chupa ya maji. Nyusi yangu imeshonwa, jino la mbele si langu, na kidole kidogo cha mguu kilikufa ukucha mpaka ukasahau kuota. Sikuwa nikilalamika. Nilikuwa naipenda kazi ya kuzuia. Mtu mwenye mbio kunishinda anakuja, mie najua atapita wapi kabla hajajua mwenyewe, nasimama pale pale. Ilikuwa raha ambayo sijaipata tena.

Tulikuwa wawili pale kati, mie na mwenzangu, Muomani ambaye kwao Unguja kama mie, mtu wa maskhara tangu tulipokuwa wadogo. Sisi tulikuwa tunacheza kwa Kiswahili. "Panda!" na sote tunapanda, mshambuliaji wao anabaki ameotea. "Shuka!" tunashuka. Maneno mafupi, hayagongani, na wale wa upande wa pili hawajui tunasema nini. Kipa akiutaka mpira anapiga kelele, "Wangu!" Akituachia sisi, "Wako!" Hata mkiwa na ngoma jukwaani, wangu na wako hazifanani.

Kipa alikuja baadaye. Kijana mrefu, mikono kama makasia, Muomani kama sisi lakini amezaliwa na kukulia Tabora. Kiswahili chake kilikuwa cha bara, na cha haraka haraka. Alikuwa akisema "Yangu!" badala ya "Wangu!" na mwenzangu akimjibu palepale, mpira ukiwa bado hewani, "Mpira wangu, yakhe, si mpira yangu!" Tukicheka. Lakini hapana aliyegongana na mtu.

Ilipokaribia ligi, mudir akaingia chumba cha kubadilishia nguo. Kocha wetu, mgeni kutoka nchi nyengine ya Kiarabu, alikuwa amesimama nyuma yake, anatazama sakafu.

"Kuanzia leo uwanjani Kiarabu tu," mudir alisema. Na alikuwa anatwambia kwa Kiswahili. "Watu jukwaani wanauliza hii ni timu ya Oman au ya wapi. Wanatwita watu wa karafuu. Sitaki kusikia tena."

Mwenzangu akasema, "Na nikibanwa vidole na njumu, mudir, nikilia ay ay, hiyo ni lugha gani?"

Watu wakacheka. Mudir hakucheka. Akasema atakayesikika atakaa benchi. Na mama yake mwenyewe, Mungu amrehemu, alikuwa jirani yetu. Samaki mlangoni akinunua kwa Kiswahili, na muuza samaki ndiye aliyelazimika kujifunza.

Basi kocha akatupa maneno mapya. Kipa akisema "khallik," maana yake kaa hapo hapo, nautokea mpira mwenyewe. Akisema "haalak," maana yake wako, nenda. Kwa wale waliozaliwa na Kiarabu mambo yamekwisha. Sie wa Unguja kha tunayo, tunasema khabari, tunasema kheri. Lakini kipa wetu kha hakuwa nayo. Bara wanasema habari, wanasema heri, na ulimi wake ulikwishakaa hivyo.

Mwenzangu akamkalisha kwenye mlingoti wa goli amfundishe.

"Sema khubz."

"Hubuz."

"Khubz. Mkate. Kwaruza koo, kama unatema mwiba."

"Hubuz."

"Basi wewe utakufa na njaa nchi hii."

"Relaksi, kaka," kipa alisema, lakini uso wake haukuwa wa mtu aliyerelaksi. Nilimwona baadaye peke yake nyuma ya goli, anakohoa kohoa, anaitafuta ile kha.

Wiki ile ile, mazoezini, kona ikapigwa. Nikasikia "haalak," nikaruka. Kumbe kasema "khallik," na yeye ameshatoka. Goti lake lilipita ubavuni mwangu kwa upana wa kiganja. Tulisimama tukatazamana. Hapana aliyecheka safari hii, hata mwenzangu.

Nilikwenda kwa mudir mbele ya watu wote, jasho linanitoka. Nilimwambia, "Mudir, huyu kijana maneno yako mawili kwake ni neno moja. Kaa na nenda, kinywani mwake ni sawasawa. Turudishie wangu na wako, hayo mawili tu, mengine tutasema Kiarabu."

"Atazoea," alisema.

"Kabla hajazoea mtu ataumia."

"Unaogopa? Sema kama unaogopa, nimwite mwengine."

Nikarudi kwenye nafasi yangu. Kocha naye alisikia, na alielewa, kwa sababu yalisemwa kwa Kiarabu. Akaenda kuokota koni zake. Kwa lawama, huyu namweka wa pili, baada ya mudir.

Toka siku ile nikawa nacheza kwa kusikiliza. Mpira wa juu ukija, masikio yangu yanafanya kazi kuliko macho. Nikawa nachelewa. Mama aliniona nasukuma sahani ya wali, akasema, "Una nini weye? Huli, husemi." Nikamwambia joto. Michezo miwili mitatu ilipita salama kwa sababu krosi zilikuwa mbovu. Sote tulikuwa tunajua kuwa siku moja itakuja krosi nzuri.

Ilikuja Nizwa. Alasiri, jua liko nyuma ya goli letu, ngoma zinapigwa. Mpira ulitoka kulia, ukaja kati yangu na kipa, pale pabaya khasa. Nikasikia sauti yake. Nikasikia "haalak." Nikaenda.

Yaliyofuata nimeshayasema.

Walinilaza kiti cha nyuma cha basi, mguu juu ya begi la mipira. Mwenzangu alikaa chini, kwenye njia ya katikati, ameushika unyayo wangu usitikisike. Kipa alikaa kiti cha mbele yetu, kageuza uso dirishani. Kila basi likiruka nilikuwa nauma kola ya jezi. Taulo lilianza kubana. Mwanzo nilidhani wamelifunga vibaya. Kumbe taulo halikubadilika, mguu ndio ulikuwa unajaa.

Bidbid, pale njia ya Ibra na Sur inapochepuka, basi likasimama. Watu wakashuka kusali Maghrib na kunywa chai. Mwenzangu akamfuata mudir dukani. Dirisha lilikuwa wazi, nikasikia yote.

"Mudir, nakuomba. Hapa tukienda Maskati kuna hospitali, tukirudi Nizwa kuna hospitali. Mguu umekuwa kama gogo."

"Msimamizi wa safari ni nani?"

"Ni wewe."

"Basi kanywe chai."

Mwenzangu akarudi, akalegeza taulo, akakaa. Akaniuliza, "Unasikia?"

"Nasikia nini?"

Nikainua kichwa. Alikuwa amekibana kidole changu gumba cha mguu kwa vidole vyake viwili, anakibana kwa nguvu zake zote.

Maumivu nilikuwa nimeyazoea; mie beki. Kule kutosikia kitu ndiko kulikonitisha. Nilianza kupiga kelele, kwa Kiswahili, na hapana aliyenikataza.

Ibra kulikuwa na taa za hospitali upande wetu. Dereva alipunguza mwendo. Sikumwomba, alipunguza mwenyewe, nikaona macho yake kwenye kioo. Mudir alikuwa amekaa nyuma yake. Akasema neno moja: "Endesha."

Dereva akaendesha.

Sur daktari aliponifungua aliuliza saa ngapi imetokea. Alipojibiwa akaweka mkasi chini, akawatazama waliokuja nami mmoja mmoja. Alisema lau ningefikishwa mapema, mfupa ungeungwa na ningerudi kutembea kama watu. Nyama ndiyo iliyokufa kwa kukosa damu, na hiyo hairudi. Waliikata, wakaikata tena. Mguu ulibaki, lakini unyayo hauinuki. Naukokota. Gari la maji siwezi kuendesha. Nakaa getini kwenye ghala la watu, nafungua na kufunga.

Kipa aliacha mpira. Siku moja alikuja nyumbani, akasimama mlangoni, "Shikamoo, kaka," na kizingiti hakukivuka. Nilimwambia aingie, ale. Kwake sina kinyongo. Alisema alichoambiwa aseme.

Lakini juzi, kwenye arusi ya watu wa Aija, mwenzangu alimsikia mudir akiwasimulia vijana. Siku hizi ni mzee wa heshima, anawekwa mbele. Aliwaambia kwamba mimi mwenyewe ndiye niliyekataa hospitali ya Nizwa. Kwamba nililia nirudishwe nyumbani kwa mama, na yeye akanionea huruma.

Basi nakwambia wewe, mudir, na jina lako silitaji kwa sababu wote waliokuwa ndani ya basi lile wanalijua. Sitaki pole yako. Dereva yu hai. Mtu wa barafu yu hai. Mwenzangu yu hai, na mie nipo, kila siku getini. Waite hao vijana uliowasimulia, waje na wewe uje, tukae sote. Utwambie kwa nini hukulisimamisha basi Ibra. Mie nimefikiri miaka yote hii sijapata sababu hata moja, hata mbaya. Wewe unayo. Njoo uiseme mbele yangu.