Kanda Iliyokuja na Redio

Harufu ya vumbi likiungua juu ya nyaya, imechanganyika na moshi wa risasi ya kuchomelea, ilinisimamisha majuzi hapo Magongo. Fundi mmoja alikuwa ameifungua redio kaseti ya zamani, matumbo yake yote nje, na alipoichomeka kwenye stima ikapata joto na kutoa pumzi ile ninayoijua. Nilisimama kama mtu aliyeitwa jina lake. Huenda nawe una kitu chako kinachokurudisha kwenu bila kukuomba ruhusa. Changu ni redio ikipata moto.

Tulikuwa tukiishi Changamwe, katika nyumba ya vyumba vilivyotazamana ukumbini, kila chumba na watu wake. Sisi tulikuwa watatu tu: babangu, mamangu na mimi Sidi, niliyekuwa kifungua mimba na kitinda mimba kwa pamoja. Baba aliendesha mashine katika kiwanda cha mabati. Alikuwa mtu mrefu, mpole, wa maneno machache. Mama aliuza viazi sokoni Kongowea siku za kazi, na Jumapili alikuwa sauti inayoongoza kwaya ya kanisa letu.

Redio ile Baba aliinunua Kongowea kwa muuza mitumba, na ilipofika nyumbani tukagundua kwamba ndani yake mlikuwa na kanda iliyokwama. Karatasi yake ilikuwa imefutika, haikubaki hata herufi moja. Baba aliitoa taratibu kwa njiti ya kiberiti, akaikaza kwa kalamu, akairudisha, akabonyeza. Kwanza yalikuja makwaruzo. Kisha likaja gitaa la umeme.

Sijui nikuelezeje gitaa lile. Sisi tulizoea magitaa ya harusini, yanayofukuzana mpaka miguu ikakosa utulivu. Hili lilikuwa peke yake. Lilipiga sauti moja, likaivuta mpaka ikapinda, likaitetemesha kama mtu anayezuia kilio, halafu likanyamaza kana kwamba linangoja kujibiwa. Ndipo mwanamume mwenye koo zito alipolijibu kwa Kiingereza. Leo najua kwamba muziki ule huitwa bluzi, na kwamba ni watu weusi wa Marekani walioulea. Wakati ule hatukujua jina la mwimbaji wala la albamu. Baba alimwita Yule Bwana, jina ambalo Mama alilipinga, maana kwake Bwana alikuwa mmoja tu. Yeye alimwita paka aliyefungiwa nje.

Basi kila Jumapili baada ya wali, Baba aliiweka redio juu ya meza ya mbao, akaongeza sauti hadi vikombe vikatetemeka kabatini, akaegemeza kiwiko mezani na kiganja juu ya spika. Mimi nilikaa kwenye kigoda mbele yake, kwa sababu nilikuwa na kazi. Alisema anataka kukipima Kiingereza changu cha shule, kwa hiyo nimtafsirie.

"Anasema mkewe ameondoka na mvua inanyesha," nilimwambia.

"Halafu?"

"Anasema tena mkewe ameondoka na mvua inanyesha."

Baba alitikisa kichwa kwa masikitiko, kana kwamba habari hii ya pili ndiyo mbaya zaidi.

Nilishangaa kidogo, kwa kuwa yeye ndiye aliyenisahihishia insha za Kiingereza. Tena alikuwa na masharti yake: nimtazame usoni nikizungumza, nisifunike mdomo, nisiseme huku natafuna. Nilidhani hiyo ndiyo adabu, nikaipeleka hadi shuleni, na walimu wakanikaripia kwa kuwakodolea macho.

Mama hakuipenda kanda ile. Bi Rehema, jirani yetu wa ukutani, mjane wa Kimvita mwenye heshima zake, alikuja akalalamika kwa upole kwamba wallahi kichwa chamuuma. Mama akamwambia Baba apunguze, akamwona hajali. Alimwita kutoka uani kuwa chakula ki tayari, asijibiwe. "Sikio la kufa halisikii dawa," alisema, naye alikuwa na hakika kwamba Yule Bwana alikuwa amemteka mumewe.

Alasiri moja mchungaji na wazee wawili wa kanisa walikuja kututembelea. Mimi na Mama tulikuwa tumekwenda kuteka maji bombani. Baba alikuwa ndani, ameupa mgongo mlango uliokuwa wazi, na redio ilikuwa kimya. Walipiga hodi, wakapiga tena, na huku wanamwona kabisa. Kisha wakaondoka. Walipokutana nasi njiani, mchungaji alimwambia Mama, bila hasira, kwamba huenda leo mzee hakutaka wageni.

Mama alirudi na uso uliokunjamana. Aliitua ndoo sakafuni kwa kishindo kilichonishtua mimi niliyekuwa nyuma yake. Baba hakushtuka. Alikuwa ameinama, anaikaza kanda yake kwa kalamu. Mama alikuwa amekwisha kufungua kinywa ili afoke, lakini akasita. Akasogea hatua moja, akasema kwa sauti ya kawaida, "Baba Sidi, mimi narudi kwetu Kaloleni."

Kalamu iliendelea kuzunguka.

"Naenda na mtoto," alisema.

Nilimngoja Baba ageuke, naye hakugeuka. Mama aliizunguka meza, akachutama mbele yake, akamtoa kalamu mkononi.

"Tangu lini?" aliuliza.

Baba aliitazama midomo yake, kisha akatazama chini. "Kitambo," akasema. "Ni mashine." Akaeleza kwamba mwenzake aliyegundulika hivyo alirudishwa nyumbani, na kwamba alikuwa akiogopa. Mama aliinamisha paji la uso juu ya mikono ya Baba, wakakaa vile. Mimi nilichoelewa ni kwamba hatuendi tena Kaloleni, nikatoka kwenda kucheza.

Tangu siku hiyo Mama mwenyewe ndiye aliyekuwa akiongeza sauti ya redio, na methali ile sikuisikia tena kinywani mwake. Alikwenda kuzungumza na Bi Rehema faraghani. Jumapili iliyofuata Bi Rehema alikuja na sahani ya kaimati, akakaa akasikiliza mpaka upande mmoja wa kanda ukaisha, akasema kwamba, ingawa yeye haelewi maneno yake, yule mtu ana machungu ya kweli. Kiwandani hatimaye walijua, lakini msimamizi alikuwa mtu mwema, akamhamishia Baba stoo, na huko ndiko alikomalizia kazi.

Na Mama aliacha kwaya. Watu walisema mengi, kwamba muziki wa dunia umemponza naye. Mimi nilidhani amechoka na mazoezi. Nilimwona tu ameshuka kutoka mbele kwenye viti vya kwaya, akaja kukaa kando ya Baba, mkono wake juu ya goti la Baba, akimgusa wakati wa kusimama na wakati wa kuketi.

Ilinibidi niwe mtu mzima ndipo niyaelewe. Baba hakuwa akikipima Kiingereza changu. Gitaa lilikuwa bado linamfikia, kwa mkono na kwa usikivu mdogo uliombakia, lakini maneno ya watu yalikuwa yamemkimbia, na akanifanya mimi niwe wa kumrudishia. La Mama lilinichukua muda mrefu zaidi. Siku hizi wako Kaloleni, wanalima, na Baba hasikii tena hata gitaa. Mwaka jana, tukipukuchua mahindi, nilimuuliza Mama kama hakuwahi kujuta kuiacha kwaya, sauti yake ilivyokuwa.

Alitupa gunzi kando, akachukua hindi jingine.

"Kwaya ilikuwa na watu wengi," alisema. "Babako alikuwa na nani?"